Ndama alikwama, nikaanza kusoma kuhusu gegedu

Binamu yangu wa Oyugis alidhani amepiga bao. Mtamba wake wa kienyeji, kafupi kama wale unaowaona wakivuka barabara pale Rongo, alipandishwa kwa mbegu ya Friesian. Hesabu ilikuwa rahisi: ndama mkubwa, maziwa mengi, pesa. Usiku wa kuzaa miguu ya mbele ikatokea, kisha mambo yakasimama. Daktari wa mifugo alitoka upande wa Migori kwa bodaboda, wakavuta kwa kamba hadi alfajiri. Mama alipona. Ndama hakupona.

"Omera, mifupa ya huyu ilikuwa imeshinda mlango," daktari alisema.

Kumbe mifupa mingi ya ndama tumboni haianzi ikiwa mifupa. Huanza kama gegedu, ile kitu ngumu lakini inapindika unayoishika kwenye sikio lako. Seli zake hugawanyika, hupangana safu kama matofali, halafu hugeuka mfupa polepole. Amri hutoka kwa homoni. Shida ni kwamba homoni husambaa na damu kila mahali. Seli inayosikia ni ile tu yenye kipokezi chake. Ni kama simu: bila laini, utapiga hadi uchoke.

Mwaka 1957 Wamarekani wawili, Salmon na Daughaday, walichunguza gegedu la panya wakaona homoni ya ukuaji haifanyi kazi hiyo peke yake. Kuna mjumbe mwingine kwenye damu, leo anaitwa IGF-1. Tumboni, yeye na ndugu yake IGF-2 ndio wenye sauti kubwa. Homoni ya ukuaji hushika usukani zaidi baada ya kuzaliwa.

Sasa weka jeni za fahali mkubwa ndani ya mtamba mdogo ambaye nyonga yake mwenyewe bado inakua. Uzito mwingi wa ndama huja miezi mitatu ya mwisho. Wengine humnyima ng'ombe chakula wakati huo ili ndama abaki mdogo. Wanaishia na mama asiye na nguvu za kusukuma.

Ndama wa Friesian huzaliwa na kilo 40 hivi, wa Jersey karibu 25. Safari hii binamu ameitisha Jersey. Amehesabu siku 280 kwenye kalenda ya ukutani, akazungushia tarehe kwa kalamu nyekundu, na namba ya daktari ameiandika hapo kando.