Nukta Sita na Ubao Mweusi

Mwalimu wa hisabati husimama ubaoni na kusema: "Tukiigawanya hii kwa hii, tunapata ile pale." Wenye macho mazima humfuata. Asiyeona hakuambiwa lolote. Kasoro hiyo haihitaji fedha kuiondoa, ila mwalimu azoezwe kutamka kila anachoandika.

Zoezi gumu zaidi ni nukta nundu, maandishi yaliyobuniwa na Mfaransa Louis Braille. Kila alama ina nafasi sita, safu mbili zenye nafasi tatu kila moja. Kila nafasi ama ina nundu ama haina. Kwa hiyo mipangilio ni 2×2×2×2×2×2, yaani 64. Ukiondoa ule usio na nundu yoyote, zinabaki alama 63. Ugumu wenyewe umo mkononi. Anayeandika kwa kibao na kalamu ya chuma huidunga karatasi kwa nyuma. Hivyo huanzia kulia, tena kila herufi huiandika kinyume, ili karatasi ikigeuzwa isomeke kutoka kushoto. Hapo mwalimu wa miaka mingi hurudi darasa la kwanza!

Hata hivyo, wengi wa wenye ulemavu wa kuona si vipofu kabisa, bali wana uoni hafifu. Wenye ualbino, kwa mfano, mara nyingi huumizwa na mwanga mkali. Jua la Masasi likimulika ubao, mtoto wa namna hiyo haoni kitu. Mwalimu akimketisha mbele, penye kivuli, akamruhusu kuvaa kofia na kukisogeza kitabu karibu na pua, huenda akasoma vizuri. Mwalimu asiyejua hayo humwita mzembe.

Shule ya kwanza ya wasioona nchini ilianzishwa Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Walimu wa elimu maalumu hufundishwa katika Chuo cha Patandi, Arusha. Lakini Arusha iko kaskazini kabisa, na Newala inatazamana na Mto Ruvuma. Wataalamu pekee hawatoshi kuenea katika shule zote za uwanda wa Makonde. Kwa maoni yangu, kila mwanachuo wa Chuo cha Ualimu Kitangali, kilichoko hukohuko Newala, angepaswa kuhitimu akiwa anazimudu stadi hizi za awali, hata kama somo lake ni kemia.

Vifaa navyo si vya kuagiza ng'ambo. Uzi uliogandishwa kwa gundi juu ya karatasi ngumu huwa mstari wa grafu, na punje za mtama huonyesha pointi. Kabla ya kumpa mwanafunzi, mwalimu na afumbe macho, aipapase kwanza yeye mwenyewe.