Chinsoni, Tasfida na Maradhi ya Wanaume Miongoni mwa Abagusii

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, baba na mwanawe aliyekwisha kutahiriwa huongozwa na kanuni za heshima ziitwazo chinsoni. Neno hili lina udugu na neno la Kiswahili soni, yaani haya. Kwa mujibu wa kanuni hizo, baba na mwana hawaonani uchi, wala hawazungumzi wao kwa wao kuhusu mambo ya unyumba. Heshima hiyo imeyastiri maisha ya jamii kwa vizazi vingi. Hata hivyo, maradhi yanapoingia sehemu za siri, sitara hiyo hugeuka ukuta.

Chukua mfano wa tezi dume. Tezi hii iko chini ya kibofu, nayo huuzunguka mrija wa mkojo. Mwanamume apitapo umri wa miaka 50, aghalabu tezi hutanuka na kuubana mrija huo. Mgonjwa huamka usiku mara kwa mara, mkojo hutoka kwa udhaifu au kwa kukatika-katika, na akimaliza huhisi kuwa kibofu hakijaisha. Utanukaji huu si saratani, na hutibiwa kwa dawa au kwa upasuaji. Saratani ya tezi hiyo, kwa upande wake, huweza kukua bila dalili yoyote mwanzoni, ilhali wakati huo ndipo matibabu yanapofaa zaidi. Huchunguzwa kwa kipimo cha damu, na pengine daktari huipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Mzee aliyelelewa katika chinsoni akimkuta daktari mwenye umri wa mwanawe, si ajabu akaahirisha.

Hata anapofika, lugha humpa pa kujificha. Neno mshipa ni mfano mzuri. Wapo wanaolitumia kwa maana ya ngiri, yaani utumbo kupenya ukuta wa tumbo, na wapo wanaolitumia kwa maana ya busha, yaani maji kujaa katika mfuko wa korodani. Ngiri ikibanwa huweza kuua kwa muda mfupi. Busha kwa kawaida haina haraka hiyo. Aidha, msemo kwamba jogoo hawiki huchekesha barazani, lakini upungufu wa nguvu za kiume huweza kuwa ishara ya kisukari, shinikizo la damu au maradhi ya mishipa ya moyo. Anayenunua dawa za kichochoro ili jogoo awike tu huuacha ugonjwa wenyewe ukiendelea.

Je, chinsoni zitupwe? La hasha. Mila hiyo hiyo imeacha mlango wazi: babu na mjukuu hutaniana, na yasiyosemeka kwa baba husemeka kwa babu. Mjukuu anayesoma chuoni anaweza kumuuliza babu yake, katikati ya mzaha, anaamka mara ngapi usiku, kisha akamsindikiza hospitalini. Naye mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu wake: kueneza majina yaliyo wazi na yenye staha, kama vile tezi dume, kibofu na korodani, ili mgonjwa aeleweke bila kuvunjiwa heshima. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua.