Albamu ya bendi isiuzwe ikiwa bado ua

MIKOROSHO ikiwa ndiyo kwanza imetoa maua, mnunuzi huja na fedha mkononi. Nyumbani kuna mgonjwa, au mtoto anadaiwa sare ya shule, na mkulima anahesabiwa noti kwa korosho ambazo bado hazijaanguka. Kule kusini biashara hiyo wanaiita kangomba. Hapa Mzenga, wilayani Kisarawe, hata asiyelitumia jina hilo anaijua hasara yake. Msimu ukifika, anaokota korosho za mtu mwingine chini ya miti yake mwenyewe.

Leo tuitazame biashara hiyo kwa kutumia zao lingine ambalo wengi wetu hulisubiri kwa hamu, nalo ni albamu mpya ya bendi ya dansi.

Wapenzi wa dansi wanaijua raha ya kusubiri albamu. Wimbo mpya huanza kupigwa ukumbini kabla haujarekodiwa. Watu hushika kiitikio, hubishana nani kapiga solo, nani kahama kutoka bendi gani, na kama safu ya tarumbeta na saksafoni imeongezeka au imepungua. Albamu inapotoka, nyimbo kadhaa wanazijua tayari. Kwa lugha ya biashara, bidhaa imepata wateja kabla haijafika dukani.

Sasa ndugu msomaji jiulize: kwa nini bidhaa yenye wateja wanaoisubiri huwaacha walioizalisha mikono mitupu?

Mtoto wa Kisarawe

Mfano uko humu humu wilayani. Marehemu Muhidin Maalim Gurumo alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Masaki, Kisarawe. Mwaka 1964 alikuwa miongoni mwa wanamuziki wa mwanzo wa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ambayo baadaye iliitwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na hatimaye Msondo Ngoma. Mwaka 1978 alihamia Mlimani Park, bendi iliyokuja kumilikiwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Bendi hiyo ndiyo Sikinde, jina lililotokana na ngoma ya Wazaramo. Alipita pia Orchestra Safari Sound, kisha akarejea Msondo.

Gurumo alistaafu mwaka 2013, baada ya karibu nusu karne jukwaani, akiwa hana gari. Mwaka huo huo msanii Diamond Platnumz akampa gari la zawadi. Mzee alifariki Aprili 2014 na kuzikwa kwao Masaki.

Zawadi ile ilikuwa ya heshima, na aliyeitoa anastahili shukrani. Lakini mchumi hawezi kuacha kuuliza: kwa nini iwe zawadi? Sauti ya Gurumo ilikuwa ikisikika redioni na kumbini kabla Diamond hajazaliwa.

Mshahara bila shamba

Bendi nyingi kubwa za zama zile zilikuwa mali ya taasisi. Mwanamuziki aliajiriwa na kulipwa mshahara, na vyombo vilinunuliwa na mwenye bendi. Utaratibu huo ulikuwa na faida yake. Si rahisi kwa bendi ya watu 15 au zaidi, yenye magitaa, tumba, drams, tarumbeta na saksafoni, kuishi kwa viingilio vya mlangoni tu.

Lakini mwanamuziki alipohama, aliondoka na sauti yake tu. Vyombo vilibaki kwa mwenye bendi, na kanda zilibaki Radio Tanzania, ambako nyimbo nyingi zilirekodiwa. Alikuwa kibarua katika shamba alilolipanda kwa mkono wake.

Zilipokuja albamu za kaseti, msambazaji alilipa mkupuo mmoja, akachukua kanda mama, akatoa nakala kadiri alivyoweza kuuza. Hiyo ndiyo kangomba ya muziki.

Tufanye hesabu

Tuchukue mfano wa kufikirika. Bendi ya watu 15 ina albamu mpya. Msambazaji anatoa shilingi milioni 6 kwa haki zote. Ukitoa milioni 1.5 za studio, zinabaki milioni 4.5, yaani shilingi 300,000 kwa kila mtu, na mchezo umekwisha.

Bendi ya pili inakopa fedha za studio na kubaki na haki zake. Albamu inaiingizia milioni 1 kwa mwaka kutokana na mauzo na matumizi ya nyimbo. Mwaka wa kwanza majirani watawacheka, kwa kuwa wamepata milioni 1 na deni ni milioni 1.5. Lakini bila kuhesabu riba, mwaka wa sita wamelingana na wenzao. Kuanzia mwaka wa saba, kinachoingia ni ziada. Mkorosho nao hauzai mwaka uleule ulioupanda.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda utunzi katika uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake ni kwamba wimbo, kama mkorosho, ni urithi wa wajukuu.

Tusimwonee msambazaji. Naye hubeba hatari, maana albamu ikidoda hasara ni yake. Kwa hiyo njia ya kati inafaa: malipo ya awali yapunguze shida za leo, halafu bendi ipate asilimia yake kwa kila mauzo.

Stakabadhi ya mwanamuziki

Mkulima wa korosho alipoingizwa katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mkoani Mtwara mwaka 2007, alipata karatasi inayosema mzigo ni wake mpaka utakapouzwa. Mwanamuziki naye anahitaji karatasi. Kabla ya kuingia studio, bendi iandike nani ametunga, nani ameimba, nani amepiga chombo gani, na kila mmoja atapata fungu gani. Kisha kazi isajiliwe Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA), ili zikikusanywa fedha za mirabaha zijue pa kwenda.

Na sisi wateja tuna sehemu yetu. Anayejaza nyimbo za bendi kwenye simu na memori kadi za watu kwa malipo, bila ruhusa ya wenyewe, anaokota korosho katika shamba lisilo lake.

Siku utakaposikia bendi uipendayo inaandaa albamu mpya, uliza kama kawaida nani anaimba na nani anapiga solo. Kisha ongeza swali la tatu: hizo nyimbo ni mali ya nani?