Lliga Regionalista: Chama Kilichobanwa Kati ya Mali na Taifa

Chama cha Lliga Regionalista kilizaliwa Barcelona mwaka 1901, kikiungwa mkono na wenye viwanda wa Catalonia waliochoshwa na serikali ya Madrid. Hakikudai uhuru, kilitaka Catalonia ijiendeshe ndani ya Hispania. Matunda yalionekana: mwaka 1914 mikoa minne iliunganishwa chini ya chombo cha utawala wa pamoja kilichoitwa Mancomunitat, na rais wake wa kwanza, Enric Prat de la Riba, akahimiza shule, maktaba, barabara na simu. Lakini wafanyakazi walipoinuka, chama kilikimbilia dola ile ile kiliyoilaumu. Baada ya mgomo mkuu wa 1917 kiliingia serikalini Madrid. Mwaka 1923 wanachama wake wengi waliyapokea vizuri mapinduzi ya Jenerali Primo de Rivera, aliyeifuta Mancomunitat mwaka 1925.

Wapo watakaosema ghasia za Barcelona hazikuacha njia nyingine. Kweli waajiri waliuawa mitaani, ila viongozi wa wafanyakazi nao waliuawa, na mabavu hayakuleta amani. Mwaka 1931 wapiga kura walihamia chama cha mrengo wa kushoto, Esquerra Republicana. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Hispania mwaka 1936, kiongozi wa Lliga, Francesc Cambó, alimuunga mkono Jenerali Franco, ambaye naye aliufuta utawala wa ndani wa Catalonia uliokuwa umerejeshwa. Mshika mbili moja humponyoka. Lliga iliponyokwa na taifa.