Fahamu: Renault 5 Turbo, gari la sokoni lililogeuzwa la mashindano

Renault 5 ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1972: gari dogo la bei nafuu, injini mbele, viti vya familia nyuma. Yalitengenezwa mamilioni.

Toleo la Turbo, lililoingia kiwandani mwaka 1980, lilifanana nalo kwa sura tu. Renault ilitaka kushindana kwenye mbio za rali, na kanuni za Kundi la 4, daraja la magari ya rali, zilidai kwanza yatengenezwe magari 400 ya aina hiyo. Mafundi wa Alpine, kampuni tanzu ya Renault mjini Dieppe, wakang'oa kiti cha nyuma na kuiweka injini hapo hapo, mgongoni mwa dereva. Nguvu nayo ikahamishiwa tairi za nyuma. Madigadi yalitanuliwa ili kubeba tairi pana, yakachongwa matundu ya kuvuta hewa ubavuni. Cha kushangaza, injini yenyewe ilikuwa ya kizamani, ya lita 1.4 tu, turbo ndiyo iliyoifikisha nguvu za farasi 160, na iliposhika, ilishika ghafla. Si gari la mwanagenzi, hasa kwenye kona yenye utelezi.

Januari 1981 dereva Jean Ragnotti alishinda nalo rali ya Monte Carlo. Turbo 2 ikafuata, nafuu kidogo. Kwa jumla magari ya matoleo hayo mawili hayakufika 5,000, ndiyo maana leo wakusanyaji huyagombania mnadani.

Mwaka 2025 Renault ilitangaza mrithi wake wa umeme, Turbo 3E: magari 1,980 pekee, yenye mota ndani ya magurudumu ya nyuma na nguvu za farasi zaidi ya 500.