Gundi si feki, ni plastiki hujaijua

Umenunua supaglu kioskini, umepaka kwenye mtungi uliopasuka, umebana mpaka vidole vikauma. Kesho yake ufa umefunguka vilevile, na unaapa kwamba umeuziwa feki. Tulia kwanza, msee. Huenda gundi iko poa kabisa, ila haiwezani na plastiki hiyo.

Huku Kiambere, Embu, hilo si jambo dogo. Bwawa letu kwenye Mto Tana linazalisha umeme tangu 1988, lakini eneo ni kavu na boma nyingi bado huchota maji kwa mitungi na punda. Mtungi wa lita 20 ukivuja, hiyo ni safari nyingine juani.

Kwa hivyo kabla hujatoa doo, geuza chombo uangalie chini. Kuna pembetatu yenye namba. Mitungi mingi ni namba 2. Beseni na viti vya plastiki mara nyingi ni 5. Paipu za PVC ni 3.

Hakuna namba? Kata kipande kidogo kigumu, kizamishe kwenye maji yenye tone la sabuni kisha ukiachilie. Kikielea, yaelekea ni 2, 4 au 5. Kikizama, ni jamii nyingine, na hapo gundi ina nafasi.

Zinazozama

Paipu ya PVC ina gundi yake pale hadiwea. Gundi hiyo huyeyusha kidogo uso wa vipande vyote viwili, na ikikauka vinakuwa kitu kimoja. Safisha, kausha, paka pande zote mbili, sukuma huku ukizungusha kidogo, kisha shikilia. Usifungulie maji kabla ya muda ulioandikwa kwenye mkebe.

Kava ya redio, rimoti au toi ngumu huwa inakubali supaglu. Kwaruza kwa msasa, pangusa kwa spiriti, paka kidogo tu. Supaglu hukazwa na unyevu wa hewani, kwa hivyo ukimwaga nyingi unaichelewesha. Pia ikikauka huwa ngumu na rahisi kuvunjika. Usiitegemee mahali panapopindwapindwa. Kukiwa na pengo la kuziba, chukua epoksi, ile ya mirija miwili, uchanganye kwa vipimo vya pakiti.

Usiipanguse supaglu kwa pamba. Zikikutana zinaweza kupata joto la kukuunguza.

Zinazoelea

Hapa ndipo pesa za wengi huzama. Namba 2 na 5 zina uso kama wa nta. Dondosha maji juu yake uone yanavyojikusanya badala ya kutandaa. Gundi za kawaida nazo hufanya hivyo hivyo, na gundi isiyotandaa haishiki. Ndiyo maana mafundi hushona beseni na viti kwa waya.

Dawa ya mtungi ni moto. Kata utepe kutoka mtungi mwingine wa namba ileile, pasha chuma, yeyusha kingo za ufa pamoja na utepe, kisha kandamiza. Namba 2 kwa 2, 5 kwa 5. Ukichanganya haishiki vizuri. Jahazi la Flipflopi, lililotoka Lamu hadi Zanzibar mwaka 2019, nalo liliundwa kwa mbao zilizotokana na plastiki iliyotupwa, ikayeyushwa.

Fanyia kazi hiyo nje, penye upepo. PVC usiichome kamwe, moshi wake una asidi inayounguza mapafu. Mtungi uliowahi kubeba petroli usiuguse kwa chuma cha moto, hata kama unaonekana mtupu: mvuke uliobaki unaweza kulipuka.

Ukimaliza, jaza maji, uweke juu ya karatasi kavu usiku kucha. Karatasi ikiamka kavu, mpandishe punda mzigo wake.