Sura ya 6: Otopailoti ya Zamani Haijafa

Katika magati ya mashua za starehe kuna imani iliyoota mizizi, na wauzaji wa vifaa hawana haraka ya kuing'oa: kwamba ukinunua chatiplota mpya huna budi kununua na otopailoti mpya, kwa sababu kifaa cha miaka ya 1990 hakiwezi kusikilizana na cha leo. Imani hiyo ni ya kumnufaisha muuzaji. Ukweli ni kwamba mwaka 1983 chama cha Marekani cha vifaa vya elektroniki vya baharini, NMEA, kilitoa kanuni ya mawasiliano ya vifaa inayoitwa NMEA 0183, inayoeleweka na otopailoti nyingi za miaka hiyo ya 1990, na chatiplota nyingi zinazouzwa leo bado zinaifuata. Zile zenye kanuni mpya zaidi, NMEA 2000, peke yake huhitaji kisanduku cha kutafsiri katikati, na bei yake haikaribii bei ya otopailoti.

Chanzo cha upotofu ni kudhani kwamba GPS ya chatiplota ndiyo inayoshika usukani. Usukani unashikwa na otopailoti yenyewe kwa kufuata dira yake, na itaendelea kuushika hata ukizima chatiplota. Kazi ya chatiplota ni kuiambia umetoka nje ya mstari wa safari kwa kiasi gani, urudi upande upi, na kituo kinachofuata kiko uelekeo gani. Ndiyo maana hoja ya kwamba kasi ya NMEA 0183, biti 4800 kwa sekunde, imepitwa na wakati, ikilinganishwa na biti 250,000 za NMEA 2000, haina uzito hapa. Sentensi ya NMEA 0183, yaani ujumbe mmoja, haizidi herufi 82, na kila herufi huchukua biti kumi. Hata iliyo ndefu kuliko zote hupita kabla ya moja ya tano ya sekunde kwisha, na mashua ya matanga inayokwenda noti sita haijasogea hata mita moja.

Nilikusudia sura hii iende kwa mpango: waya, kasi, kisha sentensi. Mawili ya kwanza hayachukui muda. Nyaya mbili za kutoa za chatiplota, A na B, ziende kwenye nyaya za kupokea za otopailoti, A kwa A na B kwa B. Ikiwa otopailoti ina waya mmoja tu wa kupokea, uunge na A, hasi za vifaa viwili ziwe pamoja, na B uiache bila kuigusisha popote. Kasi ya mlango huo iwekwe 4800, maana chatiplota nyingine huja zikiwa zimewekwa 38,400 kwa ajili ya AIS, mfumo wa kutambua meli. Kubadilisha waya kwa kubahatisha mpaka kitu kiwake si ufundi, ni ramli.

Sentensi ndiyo yenye mambo. Itazame hii: $GPAPB,A,A,0.10,R,N,V,V,011,M,DEST,011,M,011,M*3C. Inasema data ni halali, mashua imetoka nje ya mstari kwa sehemu moja ya kumi ya maili ya bahari, igeuzwe kulia, bado haijafika, na kituo kiitwacho DEST kiko nyuzi 11 kwa dira ya sumaku. Zile tarakimu za mwisho, 3C, ni hesabu ya ukaguzi inayofanywa juu ya kila herufi iliyo kati ya alama ya dola na nyota. Sasa tazama GP mwanzoni: ndiyo inayomtaja msemaji, yaani GPS, na APB ni jina la sentensi yenyewe. Chatiplota mpya inaweza kujitambulisha kuwa EC, mfumo wa ramani za kielektroniki. Hesabu hugeuka kutoka 3C kuwa 2D na sentensi inabaki sahihi kabisa, lakini baadhi ya otopailoti za zamani ziliundwa kutafuta GPAPB tu, na zikiona ECAPB huipuuza. Nyaya ni nzima, kasi ni sawa, fundi anatangaza kwamba mashine imekufa, ilhali tiba iko kwenye menyu ya chatiplota: chagua GP. Papo hapo fupisha majina ya vituo yasizidi herufi sita, kwa kuwa majina marefu nayo huzikwaza baadhi ya mashine za zamani.

Kosa jingine ni kufanya jaribio bila kuwasha safari. Sentensi ya APB ina maana pale tu chatiplota inapoongoza kwenda mahali, kwa hiyo mashua iliyofungwa gatini bila kituo kilichochaguliwa haina la kuiambia otopailoti. Wenye otopailoti inayowasiliana kwa SeaTalk ya zamani wajue kwamba nayo hutumia biti 4800, lakini si NMEA 0183, na kuziunganisha moja kwa moja ni kazi bure.

Atakayesema kwamba otopailoti mpya huongoza vizuri zaidi mawimbi yakitoka nyuma ana haki, kwa sababu vihisi vyake hutambua mgeuko mapema. Hiyo ni sababu halali ya kununua. Kutosikilizana na chatiplota si sababu. Kabla hujalipa, mwambie fundi awashe safari, aunge kompyuta kwenye waya ule ule, akuonyeshe APB ikipita kwa kasi ya 4800 na GP mwanzoni. Akishindwa kukuonyesha, tafuta fundi mwingine.